Hudi Ina Jina la Chuo, Haina Jina la Fundi

Nina hudi ya kijivu yenye jina la chuo kikuu kimoja cha Marekani ambacho sijawahi kukanyaga. Niliinunua Mutindwa kwa mia tatu hamsini, baada ya kuitishwa mia sita. Huku kwetu Mowlem hiyo si habari. Simama steji saa moja jioni watu wakishuka kwenye mathree kutoka tauni, utatembelea vyuo vya Marekani bila visa: Michigan kwa konda, Duke kwa jamaa wa smoki, Ohio State kwa mama anayefunga kibanda cha mboga. Hakuna anayemuuliza mwenzake alisomea nini.

Hudi ya chuo nilichosoma mimi mwenyewe ninayo pia. Iko ndani ya mfuko chini ya kitanda. Niliacha masomo mwaka wa tatu, karo ilinishinda, lakini hiyo siyo sababu ya kutoivaa. Siivai kwa kuwa ninajua nani aliishona, ninajua alilipwa pesa ngapi, na ninajua alilipwa lini. Ile ya Marekani sijui lolote kuhusu aliyeishona, kwa hivyo naivaa na moyo mweupe kabisa. Siku nilipojishika nikifikiria hivyo nilishtuka. Ina maana dhamiri yangu hulala vizuri pale tu ambapo aliyeumia yuko mbali na sina sura yake.

Hilo ndilo nataka tuongee. Ukivaa nguo iliyoshonwa na mtu aliyenyonywa, na wewe umemnyonya? Na kama jibu ni "kidogo," hicho kidogo unakilipa vipi, na kwa nani?

*

Aliyeshona hudi ya chuo changu ni jirani. Ana kibanda cha mabati kando ya njia ya ndani, cherehani mbili na ovaloki moja, redio imefungwa kwa waya juu ya mlango. Mtaani tunamwita Fundi tu. Tangu niko primary ndiye aliyekuwa akitupunguzia suruali za shule, na mama akikosa pesa aliandikwa kwa daftari mpaka mwisho wa mwezi.

Kabla ya kibanda, Fundi alikuwa EPZ, Athi River, miaka ya mwanzo ya 2000. Kama ulizaliwa juzi kama mimi, stori ni hii. Mwaka wa 1990 Kenya ilitunga sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje. Mwekezaji akija anapewa miaka 10 bila kulipa kodi ya mapato ya kampuni, na vifaa vyake vinaingia bila ushuru. Kisha mwaka wa 2000 Marekani ikapitisha sheria ya AGOA, ambayo iliruhusu nguo zilizoshonwa katika nchi za Afrika zilizokubaliwa kuingia kwao bila ushuru. Hizo sheria mbili zilipokutana, viwanda vya nguo vikamea Athi River na Ruaraka kama uyoga baada ya mvua. Maelfu ya watu walipata kazi, wengi wao wanawake wachanga waliotoka ushago na mkoba mmoja.

Kazi ya Fundi ilikuwa mkono wa kushoto. "Miaka miwili mimi nilishona mkono wa kushoto," aliniambia siku moja, akicheka. Wa kulia ulikuwa wa dada mwingine aliyekaa mbele yake. Tageti ya kila saa iliandikwa ubaoni mbele ya laini, na supavaiza alipita akisoma kwa sauti majina ya waliobaki nyuma. Usipofikisha unabaki jioni mpaka umalize, na hayo masaa hakuna anayeyahesabu. Kwenda choo ilikuwa kwa kadi, na kadi zilikuwa mbili kwa laini nzima. Kandarasi ilikuwa ya miezi mitatu, halafu mitatu tena, halafu mitatu, hivyo hata baada ya miaka miwili alikuwa bado mgeni kazini.

Januari 2003, wiki chache tu baada ya serikali ya NARC kuingia, wafanyakazi wa EPZ waligoma. Watu walikuwa na matumaini siku hizo, kila mtu aliona zamu yake imefika. Mwaka uliofuata Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ile ya mashirika ya kiraia, ilitoa ripoti kuhusu maeneo hayo, na kwa jina lake tu ripoti ilisema kinachotengenezwa huko ni umaskini.

Nilimuuliza Fundi hizo nguo zilikuwa za nani. Zilikuwa na jina la kampuni gani? La chuo gani?

"Nitajuaje? Mimi nilikuwa naona mkono tu."

Na kabla hujamwonea huruma sana, ngoja umsikie mpaka mwisho. Ile cherehani yake ya kwanza, nyeusi, ya kukanyaga kwa miguu, aliinunua na pesa ya huko. "EPZ ilinisumbua na EPZ ikanifungua macho," anasema. "Mtu akikuambia huko ni kubaya tu, hajawahi kukosa kazi."

*

Sasa twende upande wa pili, kule hudi zilikokuwa zinaenda.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, wanafunzi wa Marekani walianza kuuliza swali la kitoto: hii fulana yenye jina la chuo chetu imeshonwa wapi? Mwaka wa 1998 waliunda muungano wao, United Students Against Sweatshops. Mapema 1999 wanafunzi wa Duke, Georgetown na Wisconsin walikwenda kukaa ndani ya ofisi za wakuu wa vyuo na kukataa kutoka. Dai lao mojawapo lilikuwa dogo ukiliangalia: kampuni zitoe majina na anwani za viwanda. Kampuni zilikuwa zimesema muda mrefu kwamba hizo anwani ni siri ya biashara.

Kwa nini walianzia chuoni na si supamaketi? Kwa sababu ya jinsi hiyo biashara inavyofanya kazi. Chuo ndicho chenye jina na nembo. Kampuni ikitaka kuchapa nembo hiyo kwenye hudi lazima ipewe leseni na ilipe chuo mrabaha kwa kila nguo. Leseni ni mkataba, na mkataba unaweza kuwekewa masharti. Mnunuzi mmoja kule dukani hana sauti yoyote. Chuo kinaweza kusema: jina letu hatukupi mpaka tujue unalitumia wapi, na wanaolishona wanaishi vipi.

Mwaka wa 2000 likazaliwa shirika la Worker Rights Consortium, la kuchunguza viwanda kwa niaba ya vyuo bila kampuni kukaa kwenye meza yake. Chuo Kikuu cha Oregon kilipojiunga nalo, Phil Knight wa Nike, ambaye alisoma hapo, alitangaza kwamba dola milioni 30 alizokuwa atoe kwa uwanja wa michezo wa chuo hicho hazitoki tena. Baadaye Oregon ilijiondoa kwenye shirika hilo. Unaona basi kwamba swali lile la kitoto lilikuwa na bei.

Lakini kuna siku lilileta matunda. Kampuni ya Russell ilipofunga kiwanda chake kimoja Honduras baada ya wafanyakazi kuunda chama, karibu vyuo 100 vilivunja au kuacha mikataba nayo. Novemba 2009 kampuni ilikubali kufungua kiwanda na kuwarudisha kazini wafanyakazi 1,200. Kiwanda cha PT Kizone kule Indonesia, kilichoshonea kampuni kadhaa ikiwemo Adidas, kilifungwa mwaka wa 2011 na mwenyewe akatoroka bila kulipa watu marupurupu yao. Adidas ilisema deni hilo haliihusu. Vyuo vikaanza kukata mikataba, Cornell ikiwa ya mbele, na mwaka wa 2013 Adidas ikamalizana na wafanyakazi. Na mwaka wa 2010, kule Jamhuri ya Dominika, kilifunguliwa kiwanda kinachoitwa Alta Gracia, cha kushona nguo za vyuo kwa mshahara uliozidi kima cha chini cha kisheria mara tatu hivi, na chama cha wafanyakazi kikiwa ndani.

Mwaka huohuo wa 2013, tarehe 24 Aprili, jengo la Rana Plaza liliporomoka Bangladesh na kuua watu zaidi ya 1,100. Siku moja kabla, nyufa zilikuwa zimeonekana ukutani. Benki na maduka ya chini walifunga. Mafundi wa juu waliambiwa warudi kazini.

Niliposoma haya yote, miaka miwili iliyopita, kwenye simu, niko kwa kitanda na stima imepotea, nilifurahi sana kwanza. Nikasema wale watoto walikuwa wakali. Kisha nikakumbuka mfuko ulio chini ya kitanda hichohicho.

*

Mwaka wa pili nilikuwa mwakilishi wa darasa. Kila darasa chuoni lilikuwa na hudi zake, nembo ya chuo kifuani, jina la kozi mgongoni. Na sisi tukataka. Nikasema kwenye grupu ya WhatsApp: niachieni mimi, nina fundi mtaani.

Tulikuwa 64. Kila mtu alitoa 1,400. Nilipoenda kwa Fundi aliniambia 1,150 kwa kila hudi, kitambaa kikiwa chake. Nikamwambia, "Fundi, hiyo ni ya nini? Huko Gikomba nitapata wa 900." Sikuwa nimeenda Gikomba. Tukavutana kama nusu saa, mpaka akasema sawa, 950, kwa sababu ni wewe. Nembo nilipeleka tauni ikadariziwa kwa 150. Piga hesabu na mimi: 1,400 kutoa 950, kutoa 150. Inabaki 300. Hiyo ilikuwa yangu. Mia tatu mara 64 ni 19,200, kwa kupiga simu na kupanda mathree.

Upande wake sikuwahi kuupigia hesabu. Niliupiga baadaye sana, akiniambia mwenyewe huku akikata uzi kwa meno. Kitambaa, zipu, uzi na ile mikanda ya mikononi na kiunoni vilimla 640 kwa kila moja. Anabaki na 310. Hiyo 310 ilikuwa ya watu watatu, yeye na wasichana wawili aliowaita wamsaidie, na bado tokeni za stima na kodi ya kibanda zinaingoja hapo nje. Tulikuwa tumempa wiki tatu. Wiki ya mwisho walishona mpaka saa saba usiku, mlango wa mabati umefungwa kwa ndani kwa sababu ya usalama, watu watatu na ovaloki kwa chumba kisichozidi kitanda viwili.

Ukiniuliza tofauti ya hapo na Athi River, ninaweza kukuambia moja tu: choo hakikuwa na kadi.

Lakini sijafika kwa ile inayonikata. Nilimpa dipo ya 40,000. Balansi ilikuwa 20,800, tukikubaliana nimalizie siku ya kuchukua mzigo. Siku hiyo nikamwambia kuna wachache hawajatuma, nipe wiki. Uongo. Wote walikuwa wametuma. Ni kwamba chuo kilikuwa kimetangaza asiyemaliza karo hafanyi mtihani, na mimi nilikuwa na ile pesa kwa simu, imekaa tu, inaniangalia. Nikailipa karo. Nilijiambia ni kama mkopo.

Ilinichukua miezi mitano kumlipa. Mia tano leo, elfu moja wiki ijayo, M-Pesa ikilia nikijifanya nimekumbuka. Hakunikosea heshima hata siku moja. Nikipita na njia ya mbali aliniona tu. Siku moja aliniita. "Kijana, sikuitishi kwa ubaya. Wale wasichana wananingoja mimi."

Hapo ndipo nilipoelewa kitu kuhusu dipo. Elfu arobaini ilikuwa imeisha yote kwa kitambaa na zipu, na hata haikutosha. Dipo ilikuwa ya vitu. Balansi ndiyo iliyokuwa ya watu. Nilipochelewesha balansi, sikuchelewesha sehemu ya malipo yao. Nilichelewesha malipo yao yote.

Na ule mtihani niliufanya, nikapita, na mwaka uliofuata nikaacha chuo hata hivyo.

*

Kuna maneno ambayo mtu husema akiwa mahali nilipokuwa. Nimeyasema yote, kwa hivyo wacha tuyapime moja moja.

La kwanza: afadhali kazi mbaya kuliko kukosa kazi. Wapo wachumi wakubwa wanaolisema hili wakizungumzia viwanda, na Fundi mwenyewe amelisema. Silidharau. Kijana wa Mowlem aliyekaa miaka mitatu akitafuta kibarua anajua ni la kweli. Lakini angalia linachofanya. Linalinganisha mshahara wa mtu na sifuri, na ukilinganisha na sifuri, chochote ni kingi. Kwa kipimo hicho mtu akikupa maji ukiwa jangwani anaweza kukuitisha nyumba yako, na bado utasema ahsante. Ukweli kwamba ulikubali unaonyesha jinsi ulivyokuwa na kiu. Hauonyeshi kwamba bei ilikuwa ya haki. Fundi alikubali 950 wiki ambayo kodi ya kibanda ilikuwa imepita tarehe. Mimi nilijua hivyo. Ndiyo maana nilienda wiki hiyo.

La pili: bei ni ya soko, sikuipanga mimi. Hili ndilo lililonipa usingizi zaidi. Lakini soko lilikuwa mimi na yeye tukibishana mlangoni. Ile "ya Gikomba" niliyoitaja sikuwa nimeiona. Nilichukua umaskini wa mafundi wengine nisiowajua nikautumia kumpiga nao. Kampuni kubwa hufanya hivyohivyo ikimwambia mwenye kiwanda Kenya kwamba Bangladesh ni rahisi, na Bangladesh ikiambiwa Ethiopia ni rahisi. Kila mmoja anatishwa na mwenzake, na hakuna aliyewahi kukaa naye meza moja.

La tatu: mimi navaa mitumba, pesa yangu haifiki kwa kiwanda. Hapa kuna ukweli. Mia tatu hamsini yangu ilienda kwa jamaa wa Mutindwa, na nyuma yake kwa aliyefungua beli Gikomba. Lakini usidhani mitumba na kiwanda havijuani. Mwaka wa 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuachana polepole na mitumba ili viwanda vyao vya nguo vipumue. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na AGOA ikawa fimbo. Kenya ikarudi nyuma. Rwanda ilikataa kulegeza, na mwaka wa 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha huo wa ushuru. Kwa hivyo hudi yangu ya kijivu na mkono wa kushoto wa Fundi vilikuwa chini ya sheria moja. Ukitaka kushona zao mpya bila ushuru, ilibidi ununue zao kuukuu.

Kuna mwanafalsafa wa Marekani, Iris Marion Young, aliyefariki mwaka wa 2006. Aliandika kuhusu hawa hawa wanafunzi na viwanda vya jasho, na anatenganisha vitu viwili ambavyo sisi huchanganya. Kimoja ni lawama. Lawama hugeuka nyuma na kutafuta nani alifanya. Cha pili ni wajibu unaoangalia mbele. Huo, anasema, unatupata wote tulio ndani ya mnyororo unaotoa dhuluma, hata kama hakuna mmoja wetu aliyevunja sheria. Hauulizi una hatia gani. Unauliza una nguvu gani hapo ulipo, unafaidika vipi, na unaweza kuungana na nani mkabadilisha kitu.

Nimemsoma huyo mama mara nyingi na kwa hudi ya kijivu ananitosha. Aliyeishona simjui na sitamjua. Kujipiga kifua kwa ajili yake ni kiburi tu, ni kutaka dunia nzima ijue jinsi nilivyo na roho nzuri. Nikiwa na nguvu yoyote kwa mambo yake ni ile ya kuuliza pamoja na wengine.

Lakini kwa hudi iliyo chini ya kitanda, huo wajibu wa kuangalia mbele ni njia ya kutorokea. Hapo palikuwa na mimi, na Fundi, na 20,800. Hapo lawama ndiyo dawa. Nadhani kosa letu sisi watu wa mtandao ni kubadilisha hizo mbili mahali. Tunajilaumu kwa yaliyo Dhaka, ambako hatuwezi kulipa, halafu kwa yaliyo mtaani, ambako tunaweza kulipa leo kabla ya saa sita, tunaanza kusema mfumo, mfumo. Mfumo upo, sikatai. Siku ile nilikuwa ni mimi.

*

Kitu kimoja kinanisumbua bado. Kwenye ile grupu tulikuwa watu 64 wenye akili. Tulibishana siku nne kuhusu rangi. Tulibishana kama zipu iwe nyeusi au ya fedha. Hakuna hata mmoja aliyeuliza fundi analipwa ngapi. Laiti mmoja angeuliza, mbele ya wote, ningelazimika kuandika zile namba: 640, 310, 300. Na nikiziandika, nina hakika ile 300 yangu ingeniaibisha kabla mtu hajasema neno.

Ndiyo maana nimekuja kuheshimu lile dai la anwani za viwanda. Nilidhani ni la karatasi. Sasa naona kila kitu kingine kinatoka hapo. Dhuluma ya namna hii haihitaji watu wabaya, inahitaji tu kwamba anayevaa asimwone anayeshona. Fulana inaandikwa jina la chuo kwa herufi za kusomeka ng'ambo ya barabara, na aliyeishona hayuko popote.

Kwa vyuo vyetu hii ingekuwa rahisi kuliko kwa Duke. Nembo ni za vyuo. Karibu kila kilabu, kila darasa na kila timu ya michezo hushona kitu kila mwaka, na wengi wa wanaoshona wako umbali wa mathree moja. Moi University hata ilinunua kiwanda kizima cha nguo, Rivatex ya Eldoret, mwaka wa 2007. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki na mazingira yanayofaa ya kazi, na hakikuandika "isipokuwa kwa kibanda cha mabati." Mkaguzi wa kazi hatafika kwa Fundi. Lakini anayetoa ruhusa ya kutumia nembo anaweza kuitisha karatasi moja: nani ameshona, amelipwa ngapi, amelipwa lini. Na kama ofisi haitaitisha, watu 64 kwenye grupu wanaweza.

Mwezi uliopita binamu yangu, aliye mwaka wa kwanza, alinipigia. Darasa lao linataka hudi. Nimtafutie fundi. Nilimpeleka mwenyewe na nikamwambia masharti kabla hatujafika mlangoni: bei anasema Fundi, hubishani, dipo inatosha vitu na nusu ya watu, balansi inatoka siku ya mzigo, na hesabu yote inawekwa kwenye grupu kila mtu aione. Na mimi sichukui kitu. Akaniuliza kama niko sawa.

Fundi akasema 1,300. Binamu akaniangalia. Nikaangalia redio. Wakakubaliana.

Halafu mimi, kwa sababu nimesoma sana kwenye simu usiku, nikaleta wazo langu kubwa. Nikamwambia Fundi kwamba ndani ya kila hudi, pale shingoni, tutashonea kalebo kadogo kenye jina lake. Ili mvaaji ajue kuna mtu. Nilikuwa nimelifikiria wiki nzima na nilitegemea atafurahi.

Akacheka mpaka akavua miwani.

"Jina langu watalipeleka wapi? Wewe weka namba ya simu."

Tukaweka namba ya simu.